Nauli ya Usaili

Tuseme kijana wa Magadi ameitwa kwenye usaili mjini Kajiado, saa mbili asubuhi, kwa gharama yake mwenyewe. Mkazi wa mjini atakwenda kwa miguu. Huyu wa Magadi hana budi kupanda hadi Kiserian, ashike njia ya Isinya, ndipo afike. Na ili awahi, aondoke tangu jana yake na kutafuta pa kulala.

Watu husema, mwenye kutaka kazi hujitahidi. Kujitahidi amejitahidi; alichokosa ni fedha. Waajiri wengine, wema kidogo, huahidi kumrudishia nauli aletaye stakabadhi. Ni nani aliyepewa stakabadhi na utingo wa matatu? Tena hurudishiwa aliyekuwa nacho cha kutoa kwanza.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232, yataka utumishi wa umma uwape wote nafasi sawa ya kuajiriwa. Basi nauli na itangulie. Simu iletayo mwito yaweza kuleta na shilingi, nasi tumekuwa na M-Pesa tangu 2007. Na watokao mbali waitwe saa sita mchana.