Tairi Nalo Lina Umri

Mwaka jana wanakwaya wetu walikodi basi dogo kwenda harusini. Basi hilo lilikuwa limelala uani miezi mingi, na kashata za matairi zilikuwa nzima. Hata hivyo, njiani tairi moja lilipasuka kwa kishindo. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Fundi alilitazama, akasema, “Hili ni zee.”

Kumbe tairi huzeeka hata likikaa bure. Jua hulikausha, likaota nyufa ubavuni. Basi, kabla ya safari, tafuta ubavuni palipoandikwa DOT. Usipoona tarehe upande wa nje, chungulia wa ndani. Tarakimu 4 za mwisho ni juma na mwaka lilipotengenezwa: 2316 ni juma la 23, mwaka 2016. Likipita miaka 10, lisisafiri tena.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tairi la akiba na jeki pia vikaguliwe.

Kumwuliza dereva si kumtukana. Watakaopanda ni watoto wako.