Programu ya sauti: Usinunue gunia kwa kulitazama

MNUNUZI wa korosho anayejua kazi yake hapimi ubora kwa kutazama gunia. Huchukua sampuli, akapasua, akaona kilichomo ndani, ndipo akataja bei. Busara hiyo ya ghalani bado haijafika katika soko la programu za kompyuta, na wanaoumia zaidi ni wasioona wanaotaka kuishi kwa kazi ya kurekodi na kusafisha sauti.

Kazi yenyewe ipo. Katika miji kama Masasi na Newala, na hata vijijini kama Chidya, kuna kwaya zinazotaka kurekodi, maduka yanayotaka matangazo ya kipaza sauti, wahubiri, wenye harusi na vikundi vya ngoma. Ni kazi ya sikio zaidi kuliko jicho. Kwa sababu hiyo, asiyeona anaingia katika soko hili akiwa mshindani kamili na si mtu wa kuhurumiwa.

Mtaji nao una mlango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini mkopo usio na riba bado ni deni, na deni hulipwa kwa kazi iliyofanyika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme kikundi cha wasioona watatu wa Chidya kinapata mkopo na kumtuma ndugu mwenye macho akanunue vifaa mjini. Muuzaji anamwonyesha programu yenye rangi nyingi na mawimbi yanayocheza kwenye skrini. Ndugu anavutiwa, analipa na kurudi. Baada ya wiki moja inagundulika kwamba programu hiyo haiendeshwi ila kwa kipanya. Inabidi aajiriwe kijana wa kubofya, na ujira wake unakula faida yote. Wenye mradi wanakuwa wageni katika mradi uliokopewa kwa majina yao.

Kipimo ni kimoja

Asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa kisoma skrini, yaani programu inayotamka maandishi na vitufe vilivyo kwenye skrini, huku yeye akiamuru kwa kibodi. Kisoma skrini maarufu cha kulipia ni JAWS cha Marekani, ambacho bei yake imekuwa mzigo kwa watu wa nchi maskini. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, alianza kuandika NVDA, kisoma skrini kinachotolewa bure hadi leo. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Kwa mradi mdogo, hakuna sababu ya kuanza kwa kulipia kitu kinachopatikana bure.

Hata hivyo kisoma skrini hakiwezi kutamka kile ambacho programu haikukitolea. Programu nyingi za sauti huchora vitufe vyake kama picha tupu, bila jina, na hapo NVDA hunyamaza. Kwa hiyo kipimo cha sokoni ni kimoja: skrini izimwe, kipanya kichomolewe, kisha atakayeitumia afungue faili, akate kikohozi, apunguze kelele na kuhifadhi kazi. Akimaliza, inunuliwe. Akikwama, muuzaji arudishiwe mali yake hata kama ametoa punguzo la nusu bei.

Kati ya programu zinazojulikana, mbili zinastahili kujaribiwa kwanza. Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, ni ya bure, amri zake karibu zote hufikiwa kwa kibodi, na imefanyiwa kazi miaka mingi ili iendane na visoma skrini. Inatosha kwa matangazo, mahubiri na mahojiano. Ya pili ni REAPER, inayofaa zaidi pale kwaya inaporekodiwa kwa maikrofoni kadhaa kwa wakati mmoja. Hiyo hujaribiwa kwa siku 60, na leseni ya punguzo kwa mtu binafsi na biashara ndogo imekuwa dola 60, wakati ile ya biashara kubwa imekuwa dola 225. Peke yake REAPER haisemi mengi. Inayoifanya iseme ni nyongeza ya bure iitwayo OSARA, iliyoanzishwa na James Teh, mwenzake Curran katika NVDA, ambaye naye haoni. Anayeuza REAPER kwa asiyeona bila kutaja OSARA ameuza baiskeli isiyo na pedeli.

Kelele haiishi kwa fedha

Wapo wanaodai kwamba kelele za mazingira ya kusini, upepo, jenereta na mashine ya kusaga, zinahitaji programu ghali yenye picha ya sauti ya rangi, ambamo fundi hutazama doa la kelele na kulifuta. Dai hilo lina ukweli kwa studio za filamu. Lakini kufuta doa kwa kulitazama ni kazi ya macho, na kwa mradi wa Chidya ni sawa na kununua trekta bila dereva.

Njia inayofaa ni ya sampuli. Kabla mtu hajaanza kusema, sekunde kama kumi za kelele tupu zinarekodiwa. Programu inapewa sampuli hiyo, inaijifunza, kisha inaipunguza katika rekodi nzima. Audacity ina kazi hiyo ndani yake, na REAPER huja na ReaFIR yenye uwezo wa namna hiyo. Njia hii hufanya vyema kwa kelele isiyobadilika, kama mngurumo wa jenereta au feni. Haiwezi kumnyamazisha jogoo wala pikipiki inayopita. Aidha ikizidishwa, sauti ya msemaji hugeuka kama ya mtu aliye ndani ya debe. Anayejua pa kuishia ni mwenye sikio makini, na huko asiyeona hahitaji kuongozwa na mtu.

Ni dhahiri basi kwamba fedha inayobaki iende kwenye maikrofoni nzuri, spika za masikioni, mapazia mazito ya chumba, na siku za kufundishwa amri za kibodi. Kelele iliyozuiwa mlangoni ni nafuu kuliko ile inayotafutwa ndani ya faili.

Jambo jingine ni programu zilizovunjwa kufuli zinazouzwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo ni kangomba ya kompyuta: nafuu ni ya leo, kilio ni cha msimu. Huweza kuja na virusi, na zikiharibika hakuna wa kumdai. Vilevile toleo jipya la programu halali huweza kubadili vitufe na kumpoteza kisoma skrini. Mwenye busara huhifadhi toleo linalofanya kazi na kulijaribu jipya pembeni kwanza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwapa watu wenye ulemavu asilimia 3 ya nafasi. Studio ndogo za kusini hazifiki idadi hiyo, hivyo hakuna atakayewalazimisha wenye mitaji. Kinachopaswa kuwasukuma ni hesabu: programu ya bure, au ya dola 60, mikononi mwa anayeiweza, huzaa zaidi ya programu ghali inayomsubiri mwenye macho afike kazini. Na maofisa wanaopitisha maombi ya mikopo wangefanya vema kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: nani ameijaribu programu hii, na skrini ilikuwa imezimwa?