Jalada la Mkono na Mfuko wa Maji

Fungua leo ule mkoba au lile sanduku ambamo karatasi za nyumba yako hulala. Yumkini utakuta humo kadi ya kliniki ya mtoto, daftari la kikoba, kijitabu cha manjano cha chanjo ikiwa yuko msafiri nyumbani, na pengine leseni ya makazi ya kibanda chenu. Sasa yatazame majalada yake. Ikiwa nyumba yako inafanana na nyingi ninazozifahamu za Mbagala na Mwananyamala, utaona kwamba kijitabu kinachofunguliwa kila juma kimeachwa uchi, na kile kinachofunguliwa mara moja kwa mwaka ndicho kilichovikwa jalada la ngozi lenye maandishi ya dhahabu.

Nimeingiwa na hamu ya kulizungumza jambo hili kwa sababu ya jirani yangu mmoja, mama kijana mwenye mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Aliona kadi ya mwanawe imeanza kuchanika kwenye kunjo, akaipeleka kibandani kwa mpiga fotokopi ili itiwe nailoni kwa mashine ya moto, ile tunayoiita leminesheni. Kadi ikatoka inang'aa kama sahani. Mwezi uliofuata muuguzi akashika kalamu ili aandike uzito wa mtoto, nayo kalamu ikateleza. Hapakuwa na mahali pa kuandika. Walipojaribu kuibandua ile nailoni kwa wembe, karatasi ilibanduka nayo, ikaenda pamoja na tarehe za chanjo mbili.

Hapo ndipo lilipo kosa letu wengi. Tunalitaka jalada moja lifanye kazi mbili ambazo haziwezi kukaa pamoja: kukilinda kijitabu na mikono, na kukilinda na maji. Mikono huhitaji kitu kinachofunguka na kuvuliwa. Maji huhitaji kitu kilichofungwa kabisa. Kadi ya kliniki, daftari la hisa na pasipoti ni vitu vinavyoendelea kuandikwa au kugongwa mihuri, na kitu kinachoandikwa hakizibwi mdomo. Isitoshe, joto la mashine ile huzitia weusi karatasi za risiti za siku hizi, maana maandishi yake yenyewe hutokezwa kwa joto.

Tuanze basi na jalada la mkono. Neno hili jalada lina udugu na neno la Kiarabu la ngozi, na mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliosifika katika karne ya 19 kwa kunakili misahafu, walisifika pia kwa kazi za ngozi. Sisi hatuhitaji ngozi. Kwa kadi na kijitabu cha kawaida, karatasi ya kaki, ile ile tunayovikia madaftari ya watoto wa shule, yatosha kabisa, mradi ikatwe ikizidi kitabu vidole vitatu kila upande ili ikunjwe ndani na kuwa mifuko miwili. Kitabu huingizwa humo bila gundi hata tone. Kaki ikichakaa, unaivua na kuvika nyingine; kitabu hakikupata jeraha.

Karatasi nayo ina mwelekeo wake. Chukua ukurasa wa gazeti uuchane kwa mkono: upande mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, upande wa pili utakwenda upogo. Ule mstari ulionyooka ndio uufuatishe mgongo wa kitabu, nalo kunjo halitapasuka upesi.

Akina mama wa vikoba hupenda kitu kigumu zaidi, na hawana makosa, kwani daftari linalotoka kila juma na kurudi sandukuni hupata misukosuko. Kitenge kilichobandikwa juu ya boksi jembamba kwa uji wa unga wa ngano hupendeza na hudumu. Uji uwe mwembamba, maana mende huupenda kuliko sisi tunavyopenda uji wa asubuhi. Liangalie jalada likiwa limefunguliwa: kama kitabu hakilali chali chenyewe mezani, mwandishi wa kikundi atakikandamiza kwa kiwiko kila juma, na mgongo utavunjika kabla ya mwaka kwisha. Pini za stepla nazo zitoe. Katika hewa hii yetu ya pwani hushika kutu, na kutu hula karatasi. Matundu matatu kwenye kunjo na uzi wa pamba uliopakwa nta ya mshumaa hufanya kazi ile ile bila madhara.

Wako wanaokwenda soko la Tandika kununua kipande cha mpira wa meza, wenye maua, wakavikia vitabu. Si vibaya, lakini mpira laini wenye harufu kali hunyonya wino wa fotokopi. Baada ya miezi utakuta maandishi yamehamia kwenye jalada. Tanguliza karatasi ya kaki kati yake na kitabu.

Kwa pasipoti ushauri ni mfupi. Hizi za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 2018, zina kifaa chembamba ndani yake, basi zisitobolewe wala kukunjwa. Na jalada liwe la kuvuliwa upesi, maana afisa wa mpakani mara nyingi hukuomba ulivue. Kijitabu cha manjano ndicho kilichobadilika hadhi. Zamani cheti cha homa ya manjano kilikuwa cha miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya mchanjwaji. Kwa hiyo kile kijikaratasi ulichokichomeka ndani ya pasipoti sasa chatakiwa kuishi kuliko pasipoti yenyewe. Kitafutie jalada lake peke yake.

Nageukia maji. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 hapa mjini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Waliokimbia kwa haraka walibeba watoto, na ndivyo ilivyopasa. Karatasi zilibaki. Hakuna jalada liwezalo kushindana na maji yanayofika dirishani, liwe la ngozi au la kaki. Kinachofaa ni mfuko mmoja mgumu wa nailoni wenye kufungwa kwa zipu, unaoingiza vijitabu vyote, na kutundikwa msumarini karibu na mlango, juu ya kichwa cha mtu mzima. Zamani tulizoea kuzifunga karatasi ndani ya rambo. Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mifuko mbadala tunayobebea sokoni hupitisha maji kama chandarua, usidanganyike nayo.

Kijitabu kikilowa, usikianike juani wala usizifungue kurasa kwa nguvu. Kisimamishe kivulini penye upepo, uchomeke karatasi kavu kati ya kurasa, ubadilishe mara kwa mara. Wino wa kalamu ya kawaida mara nyingi hustahimili. Wa muhuri ndio hukimbia.

Jirani yangu amepewa kadi mpya. Muuguzi alinakili yote yaliyosomeka, na mistari miwili ikabaki mitupu. Mama anakumbuka vizuri kwamba moja ya chanjo zile mtoto aliipata siku ya mvua, akiwa amevaa fulana nyekundu, lakini tarehe haikumbuki. Kadi hiyo ameivika kaki, na kwa ndani ameandika kwa kalamu jina la mtoto, jina la zahanati na namba ya simu ya baba.