Kanuni za Shule na Haki ya Mwanafunzi

Mwezi wa Septemba, siku ya kuandikisha watoto, mzazi hupewa karatasi ya kanuni za ndani za shule pamoja na risiti ya malipo yake. Wengi hutia sahihi pasipo kusoma, maana watu waliojipanga nyuma yao ni wengi na jua ni kali. Mtoto naye hutia sahihi chini ya jina la baba yake, kisha karatasi ile huingia katika kabati la bwana prefe, isionekane tena mpaka siku ya mashitaka. Ndipo husomwa kwa sauti kubwa, na mtoto huambiwa: ulikubali mwenyewe, nenda nyumbani.

Juma hili tungependa kuisoma karatasi hiyo pamoja nanyi, wazazi wapenzi, na ninyi pia wanafunzi mnaotusoma. Baba mmoja wa parokia ametuandikia barua ndefu yenye uchungu juu ya mwanawe wa mwaka wa pili wa humanite, na tutaifikia barua hiyo bado kidogo.

Mtu asidhani kwamba tunataka kuwachochea vijana. Nyumba yenye watoto mia tatu haiwezi kwenda pasipo kengele. Kufika kwa saa, kunyamaza mwalimu anapofundisha, kutoiba daftari la mwenzako, kutotoka katika bweni usiku: kanuni kama hizi hazimwonei mtu. Zinamlinda aliye mdogo na mnyonge kuliko wote, kwa sababu mahali pasipo kanuni mwenye misuli ndiye huwa prefe. Lakini si kila neno lililopigwa chapa na kutiwa muhuri limekwisha kuwa la haki. Kanuni ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake.

Mtakatifu Yohane Bosko, ambaye wana wake Wasalesiani walifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, mwaka 1911, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1877. Maandishi yake ni machache, yanasomwa kwa nusu saa. Anataka kanuni zijulishwe kwanza kwa watoto, kisha walezi wakae kati yao kama baba, ili mtoto asipate nafasi ya kuanguka. Malezi yake aliyaweka juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo. Tunaomba muangalie kwamba akili imetajwa. Yeye hakuwalea malaika. Aliwalea vijana wa mitaani wa Torino, na wengine aliwatembelea gerezani. Basi kama watoto wa namna ile waliweza kuelezwa sababu ya amri, hatuoni kwa nini watoto wetu waliobatizwa, wenye baba na mama, wasielezwe.

Tuje sasa kwenye ile barua. Kijana yule alisikiwa akisema Kiswahili uwanjani, saa ya kupumzika. Akavikwa shingoni kibao chenye kamba, ambacho wanafunzi wanakiita simboli, akakaa nacho mpaka jioni. Namna ya kukivua ni moja tu: kumwinda mwenzake mpaka amsikie naye akisema Kiswahili, ampokeze. Atakayelala nacho hupigwa fimbo asubuhi. Baba anatuuliza: je, ni haki?

Kibao hiki kina ukoo mrefu. Katika karne ya 19 watoto wa Wales walivikwa kipande cha mti shuleni kwa kusema lugha ya mama zao badala ya Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi shuleni kwake kitu cha namna hiyo kilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa wale waliosema Kigikuyu, na mwisho wa siku wote walioguswa nacho wakaadhibiwa. Sisi wa Kongo tulikuwa na bahati kidogo: wakati wa Wabelgiji watoto wengi wa shule za misioni walianza kusoma na kuandika kwa lugha zao wenyewe, na mapadri walichapa katekisimu na vitabu vya hesabu kwa lugha hizo. Ni baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kilipowekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Sheria ya nchi yasemaje leo? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inataja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na papo hapo inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa, na kuilazimisha Leta kuzikuza pasipo ubaguzi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha hizo zitumike kufundishia. Hivyo mtoto anavikwa kibao kwa kusema lugha ambayo katiba imeitaja kwa heshima, na ambayo Padri aliitumia Jumapili katika mahubiri.

Wapo watakaosema: pasipo simboli watoto hawatajua Kifaransa. Twajibu kwamba tunakitaka Kifaransa, tena kilicho safi, kwa sababu mtihani wa Leta haufanywi kwa lugha nyingine. Lakini Kifaransa hujulikana kwa kusoma vitabu, kwa kuandika insha na kusahihishwa, kwa kucheza tamthilia, kwa mwalimu mwenyewe kukisema vizuri. Shule isiyo na kabati la vitabu yenye simboli kumi imechagua njia isiyo na gharama, basi. Zaidi ya hayo, hebu tuangalie kibao kile kinafundisha nini hasa. Kinamfundisha mtoto kutega sikio nyuma ya ukuta, kumchokoza rafiki yake aseme neno moja la nyumbani, kisha kumsaliti apate kuokoka yeye. Twajiuliza ni somo gani la dini, saa ya pili asubuhi, litakalofuta somo hilo la saa nne.

Juu ya nywele hatutakawia. Shule ina haki ya kutaka wasichana wawe nadhifu na wasishindane kwa mapambo, maana binti wa maskini huumia anapomwona mwenzake na nywele za bei ya mfuko wa unga. Lakini kumkata msichana nywele kwa mkasi mbele ya gwaride, wenzake wakicheka, hilo si usafi. Nairobi, mwaka 2019, korti kuu iliamua kwamba shule haikuwa na haki kumfungia mlango msichana wa dini ya Rastafari kwa ajili ya nywele zake, kwa kuwa ni sehemu ya imani yake. Sisi Wakatoliki tunaovaa rozari na medali shingoni tusiicheke hukumu ile.

Kuna kanuni nyingine inayotutia huzuni zaidi, nayo haiandikwi kila mara: mtoto ambaye baba yake hajalipa minervali husimamishwa mbele ya wenzake na kutumwa nyumbani, pengine katikati ya juma la mitihani. Katika shule za msingi za Leta, pamoja na zile ambazo Eklezya inaziongoza kwa mapatano na serikali, masomo yametangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019. Katika sekondari wazazi wanalipa bado, na tunajua kwamba mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Deni ni deni. Hata hivyo deni ni la baba, si la mtoto. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, amekwisha kulikata shauri hili: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Bwana prefe amwite mdaiwa mwenyewe, aandikiane naye siku za kulipa, amwache kijana amalizie mtihani wake wa hesabu.

Tena mwanafunzi ana haki ya kusema? Hapa wazee wengi hukunja uso. Tuwasimulie jambo lililotokea Marekani, mji wa Des Moines, Desemba 1965. Wanafunzi wachache walikusudia kuvaa kitambaa cheusi mkononi kuwaombolezea waliokufa katika vita vya Vietnam. Wakuu wa shule wakapata habari, wakakutana, wakatunga upesi kanuni ya kukataza vitambaa hivyo. Msichana wa miaka 13, Mary Beth Tinker, akavaa chake. Kaka yake John naye akavaa. Wakarudishwa nyumbani pamoja na wengine. Shauri lao lilipanda miaka mitatu na zaidi mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na tarehe 24 Februari 1969 waamuzi saba dhidi ya wawili wakawapa haki wanafunzi. Waamuzi waliona kwamba shule zile zile ziliruhusu alama nyingine za siasa. Kitambaa cheusi peke yake ndicho kilichokatazwa. Tena hapakuwa na fujo wala somo lililokatizwa. Lakini mahakama haikusema kwamba mwanafunzi afanye apendavyo: anayevuruga masomo au kuvunja haki ya wenzake hakinaye kinga hiyo. Ninyi vijana mnaopenda kusimulia nusu ya kwanza ya hukumu, someni na ya pili. Kuchoma bweni au kumrushia mwalimu mawe si kudai haki.

Tumeacha mwishoni jambo lililo zito kupita yote. Katika shule nyingi msichana akionekana ana mimba hufukuzwa, na siku hiyo hiyo masomo yake yamekufa. Kijana aliyempa mimba, akiwa mwanafunzi, mara nyingi huendelea kuketi katika benchi lake. Akiwa mwalimu, huhamishwa shule. Tunaambiwa: ni kwa kulinda sifa njema ya shule ya kikristu. Tumelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, wala hatulikubali. Katika sura ya nane ya Injili ya Yohane walimleta mwanamke peke yake mbele ya Bwana wetu, kana kwamba alitenda dhambi pasipo mwanaume. Tunajua walivyoondoka wale wenye mawe, wazee wakitangulia.

Dhambi ni dhambi, na binti ataungama kwa Padri wake. Lakini kitubio hakikomi kwa kuondolewa kwa masomo maisha yote. Tena wenye kutunga kanuni hii wafikiri inavyofanya kazi gizani: msichana wa miaka 16, akijua kwamba tumbo likionekana atafukuzwa, anashawishiwa kulitoa kabla halijaonekana. Wapo waliokufa kwa majani na vidonge vya uchochoroni. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya usafi inamsukuma mtoto kwenye uovu mkubwa kuliko ule wa kwanza, na sisi tunaolia kila mwaka juu ya uhai wa mtoto tumboni tungepaswa kuwa wa kwanza kuifuta. Mkataba wa Afrika juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1990, kifungu cha 11, unazitaka nchi zihakikishe kwamba msichana aliyepata mimba kabla ya kumaliza masomo ana nafasi ya kuendelea. Jirani zetu wa Tanzania waliwakatalia wasichana hao kwa miaka mingi; Novemba 2021 serikali yao ikatangaza kwamba wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Katiba yetu wenyewe, kifungu cha 45, haikubali mtu azuiwe kuingia shule kwa ajili ya kuwa mwanaume au mwanamke. Kanuni inayomfukuza mmoja na kumwacha mwingine, kwa tendo moja la watu wawili, itajibuje mbele ya kifungu hicho?

Turudi kwa baba aliyetuandikia. Asimtume kijana peke yake kubishana na wakubwa, hilo lingemharibia. Aombe kwanza nakala ya kanuni alizozitia sahihi, aangalie kama simboli na fimbo vimeandikwa humo, kwa maana mara nyingi adhabu iliyo kali kuliko zote haipo katika karatasi yoyote. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kumlinda mtoto inataka nidhamu ya shuleni imtendee mtoto kwa utu. Neno hilo alitaje kwa upole. Awachukue wazazi wawili au watatu wenye malalamiko yale yale, waende kwa bwana prefe kwa heshima na saa anayoipokea. Asiposikia, kuna kamati ya wazazi. Nayo ikilala, kuna ofisi ya koordinasyo ya shule za kikatoliki, ambapo barua hupokelewa na kutiwa muhuri. Katika barua hiyo aandike siku, darasa na adhabu iliyotolewa, asiongeze matusi, na nakala moja aiweke nyumbani.