Nyamagana: Miaka 50 ya Fainali Isiyochuja

Jumamosi ya Agosti 10, 2024, ilitimia miaka 50 tangu Simba na Yanga zilipokutana Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua bingwa wa Tanzania. Siku ile ya mwaka 1974 nayo ilikuwa Jumamosi. Yanga ilishinda mabao 2-1 katika muda wa nyongeza, na tangu hapo mechi hiyo haihitaji tarehe. Ukitaja fainali ya Nyamagana, shabiki wa makamo anajua unazungumzia nini.

Tunaungana na wakazi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa nzima kuadhimisha nusu karne hii. Hatukusudii kuwapongeza Yanga upya wala kuwatonesha Simba kidonda. Watani wa jadi wana namna zao za kukumbushana na hawahitaji msaada wa mhariri. Sherehe hii ni ya uwanja.

Mwanza ya mwaka 1974 ilikuwa bado haijapata hadhi ya jiji. Kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati, kupitia Dodoma na Tabora, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kwenye njia iliyofika ufukwe wa ziwa mwaka 1928. Simba na Yanga ni majirani wa Kariakoo, lakini ubingwa wao wa mwaka ule uliamuliwa huku, kando ya Ziwa Victoria, mbele ya watu ambao kwa kawaida walizifahamu klabu hizo kwa redio na gazeti.

Simba haikuja kinyonge. Ilikuwa bingwa mtetezi, na mwaka huohuo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikatolewa na Mahalla ya Misri. Yanga ilikuwa imetwaa ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972, na ilikuja kudai chake. Dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba. Bao hilo likadumu dakika 71. Zikiwa zimesalia tatu, wekundu wa Msimbazi wakiwa wameshaanza kuhesabu, Gibson Sembuli akasawazisha. Anayeujua mpira anajua bao la dakika ya 87 linavyofanya kazi: aliyesawazisha huingia muda wa nyongeza na miguu mipya, aliyesawazishiwa huingia akiiburuta. Dakika ya 97, Sunday Manara akapachika la pili.

Manara huyo ndiye waliyembandika jina la Kompyuta, enzi ambazo wengi wa waliolishangilia jina hilo hawakuwahi kuiona kompyuta yenyewe. Alitoka katika nyumba ya mpira. Ndugu yake Kitwana aliwahi kudaka kabla ya kugeuka mshambuliaji, na Kassim naye alicheza. Mgogoro wa Yanga uliozaa klabu ya Pan African ulimhamisha, lakini haukumzuia. Mwaka 1977 alijiunga na Heracles ya Uholanzi na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya, karibu miaka 40 kabla Mbwana Samatta hajatua Genk. Baadaye alicheza Marekani, Austria na Dubai. Mwanawe Haji akaja kuwa msemaji wa Simba kabla ya kuhamia Yanga mwaka 2021, na hilo nalo limewapa watani mada isiyokwisha.

Hatudai kwamba Mwanza ilimzaa Manara wala kwamba ilimlea. Tunadai kimoja tu: katika mabao yake yote, mojawapo ya yale yanayotajwa zaidi alilifunga hapa.

Na bao hilo linaishi midomoni. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Tulichobaki nacho ni majina, dakika na masimulizi ya wazee, na masimulizi yenyewe hayafanani. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile, leo ameshavuka 70.

Nyamagana haukuishia hapo. Uwanja huu uko katikati ya mji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni na bandarini, na kwa sababu hiyo mji umeutumia kwa kila jambo lake. Umepokea gwaride, mikutano ya hadhara, michezo ya shule na ligi za mitaa. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na kufika Mwanza, ni Nyamagana ulikopelekwa miili ili ndugu waitambue, kabla ya mazishi ya Igoma. Waliopita hapo siku zile hawakuja kutazama mpira, na wengi wao hawajasahau. Uwanja wa umma ni hivyo: siku ya furaha ni wetu, siku ya msiba ni wetu pia.

Changamoto hazikukosekana. CCM Kirumba ulipojengwa, mechi kubwa zilihamia huko, na Nyamagana ukabaki na mechi ndogo. Soka la Mwanza lenyewe likayumba. Pamba, TP Lindanda, wana Kawekamo, waliotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990, walishuka daraja mwaka 2001 na kukaa nje ya Ligi Kuu kwa miaka 23. Toto African nao wakapanda na kushuka mpaka wakapotea. Mji uliowahi kuamua bingwa wa nchi ukawa unasubiri Simba na Yanga zije mara moja moja, kama wageni wa heshima.

Lakini uwanja haukufungwa. Kwa mpango wa FIFA na TFF ulitandikwa nyasi bandia, na leo vijana wanacheza hapo katika misimu yote miwili, masika na kiangazi. Pita jioni uwaone wamekaa pembeni wakikung'uta viatu, zile chembe nyeusi za mpira zikimwagika sakafuni. Na katika msimu wa Ligi Kuu ulioanza Agosti 2024 Pamba Jiji ilikuwamo, timu ya Halmashauri ya Jiji, baada ya mtoto mzima kuzaliwa, kusoma na kuhitimu bila kuiona huko juu.

Sasa tuseme lililo mbele yetu. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika, na macho yote yako kwenye viwanja vipya na vikubwa. Tunaunga mkono ujenzi huo. Hata hivyo, hakuna Manara aliyeanzia kwenye uwanja wa watazamaji elfu 30. Wachezaji huanzia kwenye viwanja vya katikati ya mitaa, na viwanja vya aina hiyo katika miji yetu vimekuwa vikigeuka maduka, gereji na maegesho huku tunatazama. Ardhi ya Nyamagana ina thamani kubwa, na wenye kuitamani hawatakosekana. Jibu la mji liwe moja, na liwekwe kwenye maandishi: uwanja huu hauuzwi, haumegwi, wala hautafungiwa watoto wa jirani kwa kisingizio cha kutunza nyasi. Nyasi hizo zina umri wake, na fedha za kuzibadilisha zianze kutengwa kabla hazijachakaa zikaumiza magoti ya vijana.

Lipo na jambo dogo, lisilohitaji mfadhili. Lango la Nyamagana linastahili kibao chenye tarehe ya Agosti 10, 1974, matokeo, na majina ya Sabu, Sembuli na Manara. Klabu zote mbili zichangie. Nusu karne inatosha kupoza hasira.

Kwa wazee wetu tunatoa ombi. Aliyekuwapo siku ile na bado ana picha, tiketi au kipande cha gazeti, asikiache kikaliwa na mchwa kabatini. Halmashauri ya Jiji itenge ofisi na mtu wa kuvipokea, na aje na kinasa sauti, kwa sababu wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka. Kazi hiyo ianze mwaka huu.