Cheti cha bi harusi si cha kupigwa picha



Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Igunga, kwenye barabara ya Singida kwenda Nzega. Huku harusi hufuata pamba. Wakulima wakilipwa, mashine zetu hazilali, na duka linajaa mabibi harusi, mama zao, shangazi zao na maneno yao. Ndiyo maana habari hii ilitufikia sisi kabla haijamfikia mwenyewe.

Binti alikuwa amebakiza wiki mbili. Yeye na mchumba wake walikubaliana wapime afya kabla ya nikaha, jambo ambalo tunawahimiza wateja wetu wote. Akaenda kupima kwenye kituo ambacho hatutakitaja. Majibu yakatoka, ana homa ya ini aina ya B. Kabla hajaitwa kuyachukua, mfanyakazi wa mapokezi akapiga picha kile cheti, akamtumia ndugu yake wa upande wa bwana harusi. Jioni picha ikawa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Mmoja wetu alikuwamo humo kwa ajili ya sare za kamati. Na tuseme ukweli, alimwonesha mwenzake wa cherehani ya pili, na huyo wa pili akaangalia. Tuliona haya baadaye, si pale pale.

Harusi ikavunjwa kwa simu. Gauni liko kwetu mpaka leo, tumelifunika shuka.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa na haja ya kuvunja kitu. Homa ya ini B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Haipiti kwa kula sahani moja. Tena ina chanjo. Bwana harusi angepimwa, akachanjwa dozi zake tatu, na daktari angewakalisha wote wawili akawaeleza. Mazungumzo hayo hayakufanyika kwa sababu mtu wa mapokezi alitangulia.

Wapo waliotuambia, "Lakini mwanamume alikuwa na haki ya kujua." Alikuwa nayo, na hatubishani. Kumficha mchumba ugonjwa unaoambukiza si jambo jema. Lakini wa kusema ni binti mwenyewe, akiwa na daktari pembeni, si karani mwenye simu. Yule karani hakumlinda bwana harusi. Angetaka kumlinda asingepeleka picha kwenye kundi la watu arobaini wanaochangishana pesa ya pilau.

Sisi nasi tuna daftari. Tunaandika kifua, kiuno, nyonga. Bi harusi akija mara ya tatu na kiuno kimeongezeka, mara nyingi tunajua kabla ya mama yake. Tunaona makovu, tunaona michubuko. Fundi anayetangaza mwili wa mteja hafai kushika futi. Kama sisi wa kozi ya cherehani tunalijua hilo, mwenye funguo za kabati la mafaili ya wagonjwa anashindwaje?

Msidhani ni ushamba wa huku kwetu. Marekani, mwaka 2007, mwigizaji Farrah Fawcett alichoka kuona habari za saratani yake magazetini. Saratani iliporudi, akaamua kutowaambia hata ndugu. Habari ikatoka vilevile kwenye gazeti la National Enquirer, ndipo akajua inavuja hospitalini kwake, UCLA. Mfanyakazi aliyekuwa akiuza siri za wagonjwa alikiri kosa mahakamani mwaka 2008. Mwaka 2011 hospitali hiyo ikailipa serikali dola 865,500 kumaliza malalamiko ya wafanyakazi kuchungulia mafaili ya wagonjwa maarufu.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Ipo Tume yake, inayopokea malalamiko. Daktari au muuguzi ana baraza lake la kitaaluma pia. Karani hana baraza, kwa hiyo ni mwajiri wake na Tume.

Kituo kilifanya nini? Kilimhamishia mfanyakazi chumba kingine, kisha wazee wakaja kwa binti na doti ya kanga, wakaomba yaishe. Binti amesamehe, na msamaha wake ni wake na Mola wake. Lakini kusamehe hakufungi faili. Kituo kilipaswa kumwita binti na kumweleza kwa maandishi nani alishika cheti chake na kilikwenda wapi, kuwataka waliopokea picha waifute, na kumwondoa yule mtu kwenye karatasi za wagonjwa kabisa. Chumba kingine nacho kina mafaili.

Nanyi mabibi harusi, mkipima, ulizeni mapema majibu anayapokea nani na yanakaa wapi. Wala msimpe wifi kazi ya kuwafuatia cheti. Ikiwafikia picha ya mwenzenu, msiisambaze, hata kwa kumhurumia. Mwambieni aliyeileta kwamba mmeiona na mmekataa. Mwenye cheti yeye atunze ujumbe uliosambazwa, wenye tarehe na namba, maana bila huo watamwambia ni maneno ya mtaani.

Binti alikuja dukani wiki iliyopita na kaka yake. Tulisukuma vitambaa pembeni, tukaandika naye barua mbili kwenye meza ya kukatia, moja ya kituo, moja ya Tume. Ya kituo imepokelewa na kugongwa muhuri Jumatatu. Bado hawajajibu.