WAHUBIRI WAKO BWENINI, SISI TUKO WAPI?



Shukrani zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Ama baada ya hayo:

Wazazi wenzangu, mwezi uliopita alinijia baba mmoja wa hapa Pundanhar. Kijana wake anasoma sekondari mbali na nyumbani, analala bweni. Amerudi likizo na kijitabu cha Kiswahili kinachofundisha kuwa Nabii 'Iysa ('alayhis-salaam) ni mwana wa Mungu, na nyimbo za kanisani anaziimba huku akichota maji. Baba akaniuliza: "Maalimu, nimtoe shule?" Nikamwambia hapana. Akaondoka bila kuaga. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyokuwa nataka kumwambia.

Nilimkalisha kijana nikamuuliza taratibu. Akasema Jumamosi jioni huja watu bwenini na mpira, gitaa na biskuti. Wanawasaidia hesabu na Kireno, na wallaahi wanasaidia kweli. Kisha zinaimbwa nyimbo, na kila mtoto anaombewa kwa jina lake. Anayebaki mpaka mwisho hupewa daftari. "Halazimishwi mtu, maalimu," akaniambia. Sawa. Lakini mtoto wa miaka 14, mama hayupo, baba hayupo, daftari zimekwisha, wenzake wote wamekaa, yeye atainuka aende wapi?

Sisemi Mkristo asihubiri. Ana kanisa lake, na kuna soko na barabara, na tukikutana huko tutajadiliana kwa wema kama tulivyoamrishwa katika Suratul-'Ankabuut, aya ya 46. Wala sisahau kuwa vita vilipotukimbiza, Caritas ya Wakatoliki wa Pemba ilisaidia watu, na wengi wa waliokimbia ni Waislamu. Askofu Luiz Fernando Lisboa, kabla hajahamishwa mwaka 2021, aliyasema wazi mateso ya Cabo Delgado wakati wakubwa wengi wamenyamaza. Hayo tunayashukuru. Ninachokipinga ni kumfundisha dini mtoto wa mwenzio kwa mlango wa nyuma, mzazi hana habari, ndani ya jengo la serikali. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inasema serikali haina dini, na shule ya umma haifundishi dini ya yeyote. Hilo linanifunga na mimi pia. Nikiwakusanya watoto wa Kikristo bwenini usiku, nikawagawia tende na kuwafundisha shahada bila wazazi wao kujua, nitakuwa nimefanya dhulma ile ile.

Sasa turudi kwenye swali la baba. Wazee wetu waliwahi kulijibu. Mwaka 1940 Ureno ilitia saini mkataba na Vatican, na kwa sheria ya mwaka 1941 elimu ya Waafrika ikakabidhiwa misheni za Kikatoliki. Huku kaskazini njia ya kusoma ikawa inapita misheni, kama ile ya Nangololo, uwanda wa Mueda, iliyoanzishwa mwaka 1924. Waislamu wengi wa pwani wakaona bora mtoto asijue Kireno kuliko abatizwe. Walilinda dini ya watoto wao, Allaah awalipe kheri. Lakini misheni zilipotaifishwa Julai 1975, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, ni wangapi katika watoto wetu waliokuwa tayari kushika kalamu ofisini? Deni lile bado tunalilipa. Mama mjamzito anafika hospitali, hakuna nesi anayeifahamu lugha yake.

Mara ya pili tumeshuhudia wenyewe. Kabla ya Oktoba 2017 walipita vijana wakisema shule ya serikali ni haramu, watoeni watoto. Mashekhe wa huku waliwapinga, na wapo waliokwenda kutoa habari kwa wakubwa. Kilichofuata mnakijua, Mocímboa da Praia kwanza, kisha Palma mwezi Machi 2021, na shule zikachomwa. Baba huyu si mwenzao, hasha. Lakini akisema "nimtoe shule" mimi nasikia maneno yale yale, na moyo wangu unashtuka.

Majirani zetu nao wana yao. Kenya dini ni somo la mtihani, na shule isiyo na mwalimu wa dini ya Kiislamu humuacha mtoto wetu asome ya Kikristo ili apate alama. Ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania, dini zote mbili zina mtihani wake Kidato cha Nne. Kwetu, katika shule za serikali, somo hilo halipo kabisa. Kwa hiyo Jumamosi jioni iko wazi, na ameichukua aliyejitokeza.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mnajua tafsiri ya kwanza ya Qur-aan nzima kwa Kiswahili ilifanywa na nani? Kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA kule Zanzibar. Ilichapwa mwaka 1923, ili wahubiri wajue Waislamu wanaamini nini na wapate la kuwajibu. Tafsiri kamili ya Shaykh 'Abdullaah Swaalih al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Hesabuni wenyewe, miaka 46!

Kijana huyu amepita mikononi mwangu. Amehitimu juzuu zote 30, na Suratu Maryam anaisoma kwa sauti ya kuliza watu. Nikamuuliza inasema nini juu ya mama yake 'Iysa. Hajui. Mhubiri alipomwambia "'Iysa yumo katika kitabu chenu", ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia maana ya anachokisoma tangu ana miaka sita. Aibu hiyo si ya mhubiri. Ni yangu mimi, niliyemchapa fimbo kwa kukosea herufi na sikumwambia hata siku moja herufi zile zinasema nini.

Kwa hiyo shule ikifunguliwa, mimi na wazazi watatu tutapanda chapa twende kwenye baraza la shule. Kuna kiti cha wazazi mle, na muda mrefu hakuna wa kwetu aliyekikalia. Tutaomba kwa heshima kuwa mtu yeyote wa dini yoyote asiingie bwenini kufundisha dini bila idhini ya mzazi. Na tutaomba chumba siku ya Jumamosi kwa ajili ya watoto wetu. Wakitupa, itabidi mmoja wetu awepo kila wiki, na daftari azipeleke yeye. Nauli ya chapa naomba tuichangie.

Kijana anakuja kwangu kila baada ya Magharibi. Tunasoma Suratu Maryam pamoja na tafsiri, aya tano tano. Juzi aliniuliza jambo sikuwa na jibu lake, nikamwambia anipe siku mbili. Kile kijitabu baba yake alitaka kukichoma. Nimemwambia kijana akilete tukisome pamoja.

Wassalaamu 'alaykum.